Koma ao nukta? Namna ya kuandika kilo na franga ili mashini isitupoteze



Siku hizi kilo za mazao yetu hazibaki tena katika kaye ya karani peke yake. Zinaingia katika telefone, kiisha katika ordinatere ya ofisi, kiisha katika karatasi za mnunuzi wa Kampala ao wa Ulaya. Hiyo ni maendeleo, sababu hesabu inaenda mbio na kila mtu anaweza kuiona. Lakini kuko alama moja ndogo, ndogo kuliko mbegu ya lengalenga, ambayo inaweza kugeuza kilo kumi na mbili na nusu kuwa kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Inaweza pia kufuta muzigo mzima wa mama mmoja na hakuna mtu ataona. Alama hiyo ni koma, ile tulijifunza masomoni kwa jina la virgule. Mwenzake ni nukta, ile tunaita point.

Makala hii ni ya makarani na magerani, lakini ni ya kila memba pia. Mwenye kilo ndiye wa kwanza kupata hasara kama namba imeandikwa vibaya, na ndiye anajua vizuri alileta nini.

ALAMA MOJA, MAANA MBILI

Sisi wa Kongo tulijifunza hesabu kwa masomo ya Kifaransa. Kwa namna hiyo, koma inatenga kilo nzima na vipande vyake. Tukiandika 12,5 tunataka kusema kumi na mbili na nusu. Kwa kutenga maelfu tunaacha nafasi kidogo: 12 500. Wengi wetu tunazoea pia kuweka nukta fasi ile: 12.500 FC.

Jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania walijifunza kwa namna ya Kiingereza, na kwao ni kinyume. Nukta ndiyo inatenga vipande, koma ndiyo inatenga maelfu. Burundi wako kama sisi. Rwanda, watu wa zamani walijifunza kwa Kifaransa, na tangu 2008 serikali iligeuza masomo kuwa ya Kiingereza, kwa hiyo karatasi za huko mnaweza kuzikuta na namna zote mbili.

Tazameni:

Kumi na mbili na nusu: kwetu 12,5. Kwao 12.5.
Elfu kumi na mbili na mia tano: kwetu 12 500 ao 12.500. Kwao 12,500.

Nani ana haki? Wote. Mkutano mkubwa wa dunia wa vipimo, ule unaokutana Ufaransa, ulisema katika mwaka 2003 kwamba koma na nukta zote mbili ni alama nzuri za kutenga vipande. Lakini ulirudilia pia neno lingine ambalo ulikuwa umekwisha kulisema katika 1948: kwa kutenga maelfu, tusiweke koma wala nukta, tuache nafasi tu. Kama kila mtu angefuata neno hilo la pili, makala hii isingekuwa na kazi. Lakini watu hawalifuati, na programu nyingi za ordinatere hazilifuati pia.

MTEGO UKO KATIKA TARAKIMU TATU

Sio kila koma inaleta shida. Mtu akiona 12,5 kilo, hata akiwa wa Kampala ataelewa, sababu maelfu hayawezi kuwa na tarakimu moja nyuma ya koma. Atasema: «Aa, huyu ni mtu wa Kifaransa.»

Shida inakuja kama kuko tarakimu tatu kamili nyuma ya alama. Namba 12,500 iko sawa kwa namna zote mbili. Kwetu ni kumi na mbili na nusu. Kwao ni elfu kumi na mbili na mia tano. Hakuna kitu katika namba yenyewe ambacho kitakuambia ni ipi.

Na mizani zetu za umeme zinapenda tarakimu tatu. Mizani nyingi zinaonyesha kilo na gramu hivi: 48.650. Maana yake ni kilo makumi ine na munane na gramu mia sita na makumi tano. Mizani inatumia nukta sababu watu walioitengeneza walifuata namna ya Kiingereza. Karani akiikopia vile iko, ameingiza namba ya Kiingereza katika karatasi ya Kifaransa. Kwa macho haionekani kama kosa.

Kwa hiyo tunaanza na sharti moja rahisi: nyuma ya alama, tuandike tarakimu moja ao mbili, tusiandike tatu. Mizani ikionyesha 48.650, tuandike 48,65. Ikionyesha 36.200, tuandike 36,2. Sifuri ya mwisho haina kazi, inaleta mtego tu. Na kama gramu haziishii na sifuri, komite ipange mbele namna ya kuzikata, iwe moja kwa watu wote, na wanamemba waijue.

ORDINATERE INASOMA NAMNA GANI

Mtu akisoma 12,500 anaweza kuuliza: «Ni kilo za mfuko mmoja ao za magazini yote?» Ordinatere haiulizi. Ndani yake kuko mapangilio ambayo yanasema nchi na luga. Ikiwa mapangilio ni ya Kifaransa, inasoma koma kama sisi. Ikiwa ni ya Kiingereza, inasoma kama watu wa Kampala. Ordinatere mbili zinaweza kukaa juu ya meza moja, na zikisoma namba ileile kwa namna mbili.

Tuchukue mfano wa mama mmoja ambaye alileta kahawa mbivu mara ine katika wiki mbili. Karani anaingiza katika Excel ya Kifaransa:

48,65
36,2
51.300
27,85

Mara ya tatu karani alikuwa na haraka, akakopia mizani vile ilivyo, na nukta yake. Jumla ya kweli ni kilo 164. Lakini Excel ya Kifaransa, ikikuta 51.300, haiioni kama namba. Inaichukua kama maandishi, sawa vile ungeandika jina la mtu. Kiisha ukiomba jumla, inaruka kisanduku kile bila kusema neno. Inaandika 112,7. Kilo 51 na gramu 300 zimepotea. Tuseme kahawa mbivu inalipwa 1 000 FC kwa kilo, bei ya mfano tu: mama amekosa 51 300 FC. Hakuna mwizi. Karani alipima vizuri. Kahawa yenyewe iko ndani ya magazini. Lakini karatasi ya malipo inasema ingine, na siku ya kulipa watu wanaanza kutazamana vibaya.

Kinyume chake kinatokea pia. Ikiwa Excel ni ya Kiingereza na karani anaandika 48,650 kwa koma, itasoma elfu makumi ine na munane na mia sita na makumi tano. Kwa bei ileile ya mfano, mashini itasema tumlipe mama 48 650 000 FC. Kosa kubwa namna hiyo, mtu ataliona na atacheka. Kosa la kuogopa zaidi ni lile dogo la 112,7, sababu jumla inafanana na kweli.

Kuko alama tatu za kutambua kosa la namna hii katika Excel:

Ya kwanza: tazama fasi namba imekaa. Kama hakuna mtu aliyegusa mpangilio wa safu, namba ya kweli inasimama upande wa kuume wa kisanduku, na maandishi yanasimama upande wa kushoto. Ukiona moja imesimama kushoto na zenzake ziko kuume, ile si namba kwa macho ya mashini.

Ya pili: hesabu namba. Andika =NB( na safu yako ndani. NB inahesabu visanduku vyenye namba ya kweli tu. Ikiwa kaye inasema mama alileta mara ine na NB inasema 3, kuko kimoja ambacho mashini haikukubali.

Ya tatu: jumlisha kwa kalamu angalau ukurasa mmoja kila mara, ao kwa kalkileta ndogo ya soko. Kama kalamu na mashini hazipatani, usilipe mtu mbele ya kujua sababu.

BEI NA MKATABA

Kwa bei, hatari inaongezeka, sababu sisi tunatumia feza mbili. Katika franga hatuna haja ya vipande, tunahesabu maelfu. Katika dolari tunahitaji vipande. Kwa hiyo mtu akiandika 3.500 bila kitu kingine, inaweza kuwa franga elfu tatu na mia tano, ao dolari tatu na nusu. Hayo ni maneno mbalimbali kabisa.

Tazameni na mkataba wa kahawa. Kontena moja ya futi 20 inabeba kwa kawaida mifuko 320 ya kilo 60. Ni kilo 19 200. Mnunuzi wa Kampala ataandika 19,200 na atafikiri kilo. Gerani wa Bukavu akiona 19,200 anaweza kufikiri tani: kumi na tisa na vipande vyake, yaani kilo 200 juu. Kwa bahati wote wanasema muzigo uleule. Vilevile na bei. Tuseme, kwa mfano, mnunuzi anaandika 4,250. Kwake ni dolari elfu ine na mia mbili na makumi tano kwa tani. Gerani anasoma dolari ine na robo kwa kilo. Tena ni bei ileile, na kontena nzima inakuwa dolari 81 600.

Bahati hiyo inaficha hatari. Siku moja mtu mmoja atachukua namba ya huku na neno la kule. Ataandika 4,250 «kwa kilo» katika karatasi ya Kiingereza, ao ataandika 4,250 «kwa tani» katika ile ya Kifaransa. Hapo mkataba umekufa, ao watu wataenda kwa hakimu. Kwa sababu hiyo, namba katika mkataba isitembee uchi. Iwe na neno lake kando: kilo ao tani, dolari ao franga, kwa kilo ao kwa mfuko. Na namba kubwa iandikwe mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Maneno hayana koma. «Dolari elfu makumi munane na moja na mia sita» haiwezi kusomwa namna mbili, wala Kampala wala Bukavu.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Mbele ya kuingiza namba hata moja katika ordinatere mpya, telefone mpya ao programu mpya, fanya hivi. Andika 2,5 katika kisanduku cha kwanza na 2,5 katika cha pili. Kiisha omba jumla: =SOMME katika Excel ya Kifaransa, =SUM katika ile ya Kiingereza. Ikileta 5, mashini inajua koma. Ikileta 0, ao 50, ao neno la kosa, haijui. Jaribu tena na 2.5 na 2.5. Sasa unajua ni alama gani inataka. Andika alama hiyo juu ya kipande cha karatasi na ubandike karibu na kioo cha mashini, ili yule wa asubui na yule wa mangaribi wafanye namna moja.

Kwa maelfu, usiweke kitu hata kidogo unapoingiza namba. Andika 12500, tarakimu tupu. Mashini yenyewe itaonyesha nafasi kama imepangwa vile. Nafasi ni nzuri juu ya karatasi na juu ya ubao, lakini katika kisanduku cha kuingiza, programu zingine zinaikataa ao zinaigeuza maandishi.

Telefone ziko na tabia yao. Zingine zinaonyesha nukta tu juu ya vitufe vya namba, hazina koma. Zingine ziko na koma lakini programu inaikataa. Hapo ndipo kosa baya linazaliwa: mtu anachoka, anaruka alama, na 48,65 inaingia kama 4865. Kama kisanduku kinakataa koma, weka nukta. Kama kinakataa zote mbili, simama, andika katika kaye, na uite yule anayeangalia programu. Usiruke alama hata siku moja.

KUPANGA ORDINATERE YA OFISI

Kama ofisi iko na ordinatere ya Windows ya Kifaransa, fungua «Panneau de configuration», kiisha «Région», kiisha «Paramètres supplémentaires». Pale utaona «Symbole décimal», yaani alama ya vipande, na «Symbole de groupement des chiffres», yaani alama ya maelfu. Kwa koperative inayofanya kazi kwa Kifaransa, weka koma kwa vipande na nafasi kwa maelfu.

Excel inafuata mapangilio hayo, isipokuwa mtu ameiambia vingine. Angalia «Fichier», «Options», «Options avancées». Kuko kisanduku «Utiliser les séparateurs système». Kikiwa na alama ya ndiyo, Excel na Windows zinapatana. Kikiwa bila alama, kuna mtu aliyeweka sheria yake mwenyewe pale. Muulize mbele ya kugeuza.

Mjue neno hili pia: kugeuza mapangilio leo hakutengenezi namba zilizoingia vibaya jana. Ile 51.300 ambayo mashini ilichukua kama maandishi inaweza kubaki maandishi. Ni lazima kurudilia kuiandika.

FAILI KUTOKA KWINGINE

Mara nyingi data za telefone zinatumwa kwa ofisi katika faili ya namna ya CSV. Faili hii ni maandishi matupu, na mara nyingi koma ndiyo inatenga safu moja na ingine, na vipande vya kilo vinatengwa na nukta. Ordinatere yetu ya Kifaransa, kwa kawaida, inangoja nukta-koma (;) kwa kutenga safu. Kwa hiyo ukifungua faili kwa kubofya tu, unaweza kukuta kila kitu kimejaa katika safu moja, ao kilo zote zimesimama upande wa kushoto kama maandishi.

Usianze kusahihisha moja moja kwa mkono. Chagua safu yenyewe, fungua «Données», kiisha «Convertir», endelea mpaka hatua ya tatu, na ubofye «Avancé». Pale unaiambia Excel: katika faili hii, alama ya vipande ni nukta. Yenyewe itageuza safu nzima. Mbele ya kufanya hivyo, weka kopi ya faili vile ilivyofika, usiiguse. Ikitokea mabishano, kopi ile ndiyo itasema.

NUKTA YA SHAMBA KATIKA KARTI

Kuko namba zingine ambazo wakulima wa kahawa na kakao wataziona zaidi na zaidi: namba za GPS. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao na misitu inaomba kwamba kahawa na kakao zinazoingia kwao zijulikane zimetoka shamba gani. Kila shamba lionyeshwe kwa namba za karti zenye tarakimu sita angalau nyuma ya alama. Shamba likipita hektari ine, pointi moja haitoshi, wanaomba mpaka wake wa kuzunguka.

Namba za GPS zinakwenda mbili mbili, na desturi ya dunia ni kuziandika kwa nukta, koma ikikaa katikati ya namba mbili. Karibu na Bukavu, kwa mfano, inafanana hivi:

-2.508300, 28.860800

Sasa mtu mwenye desturi ya Kifaransa, kwa moyo mzuri, anazigeuza: -2,508300, 28,860800. Mashini inaona koma tatu, kwa hiyo inaona namba ine badala ya mbili. Ikikamata digri nzima tu, 2 na 28, na kutupa vipande, shamba linaruka zaidi ya kilometa 100 upande wa kaskazini-magharibi, kule kwenye misitu mikubwa. Mnunuzi wa Ulaya akifungua karti yake, ataona kahawa yako imeota katikati ya pori. Hatajua kwamba ni koma. Atafikiri umekata msitu.

Kwa hiyo, kwa GPS, tusifuate desturi yetu ya koma. Tuache nukta vile telefone ilivyoiandika, na tusikopie kwa mkono kama inawezekana kutuma faili yenyewe. Tusifute pia ile alama ndogo ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Inasema tuko kusini ya mstari wa Ekweta, kama Bukavu na Goma. Butembo na Beni ziko kaskazini, kwao alama hiyo haiko.

YA KUOMBA KWA WATENGENEZAJI WA PROGRAMU

Shirika likileta programu ya kupokea mazao, wanamemba wako na haki ya kuuliza maulizo. Programu mbaya inafikiri kwa fasi ya mtu. Programu nzuri inauliza. Tuombe mambo haya:

Kisanduku cha kilo kikubali koma na nukta zote mbili kwa vipande, na ndani ya programu zihifadhiwe kwa namna moja.

Mtu akiandika namba yenye maana mbili, kama 12,500, programu isichague yenyewe. Ionyeshe: «Unataka kusema kilo 12 na nusu, ao kilo 12 500?» na ingoje jibu.

Kila kisanduku kiwe na neno lake pembeni: kg, FC ao USD. Franga na dolari zisikae katika kisanduku kimoja.

Kuwe na mpaka. Hakuna mtu anayebeba kilo 48 650 kichwani. Programu ikiona kilo za memba mmoja zimepita kiasi ambacho koperative imepanga, iseme na ikatae mpaka karani ahakikishe.

Na mbele ya kufunga, ionyeshe namba kwa herufi kubwa ili memba aisome mwenyewe.

Kama hakuna njia ya kupata hayo yote, kuko dawa rahisi sana: visanduku viwili, kimoja cha kilo na kimoja cha gramu. 48 huku, 650 kule. Hapo hakuna alama, hakuna mtego.

KUSEMA KWA MDOMO

Mashini zikituchanganya, mdomo bado uko. Namba ikisemwa haina koma wala nukta. Kwa hiyo katika kila fasi ya kupima, tuweke desturi hii:

«Papa karani, kilo zangu zimekuwa ngapi?»

«Mama, ni makumi ine na munane na gramu mia sita na makumi tano.»

«Umeandika vile?»

«Ndiyo mama, tazama: makumi ine na munane, koma, sita tano.»

Haichukui wakati mrefu. Karani asikasirike akiulizwa, na memba asione haya kuuliza, hata kama hakusoma sana. Kusikia kilo zako zinasemwa hakuombi diploma. Kiisha resi itoke na jina, tarehe, kilo, bei na jumla, na jumla iandikwe kwa maneno pia.

MASHARTI SABA YA KUBANDIKA KATIKA OFISI

1. Koperative moja, namna moja ya kuandika. Komite ichague na wote wafuate.
2. Nyuma ya alama, tarakimu moja ao mbili. Tatu ni mtego. GPS peke yake haiko katika sharti hili.
3. Maelfu juu ya karatasi: nafasi. Maelfu katika mashini: tarakimu tupu.
4. Namba isitembee bila neno lake: kg, tani, FC, USD.
5. Jumla ya malipo na ya mkataba: kwa tarakimu na kwa maneno.
6. Mashini mpya: jaribio la 2,5 na 2,5 mbele ya kazi.
7. Kaye ya karatasi isitupwe. Mbele ya kila malipo, linganisha kaye na mashini.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Mchukue dakika kumi katika mkutano. Andikeni juu ya ubao namba hizi: 7,5 kg, 1.250 FC, 3,400, 60.000 kg, 2,75 USD. Kila mtu aseme kwa mdomo anasoma nini, na aseme ni ipi ambayo watu wawili wanaweza kuisoma mbalimbali. Mtakuta kwamba 7,5 na 2,75 hazina mabishano. 3,400 haina neno lake wala namna ya kujulikana. 60.000 kg inaweza kuwa mfuko mmoja wa kahawa ao mifuko elfu moja. Kwa 1.250 FC, ni neno FC ndilo linatusaidia kuelewa. Kiisha muandike upya zote tano kwa namna ambayo koperative imechagua, na karatasi ile ibandikwe karibu na mizani.